Pumzi ya Kuazima

Mrija ulikuwa umelowa.

Ni jambo dogo, na mpimaji angelipuuza kama si kwamba yeye ndiye aliyefika wa kwanza kwenye yadi ya mabasi ya shule, na droo ya kipimo na mirija aliifunga jana kwa mkono wake. Kila asubuhi dereva hupewa mrija mpya, anaupachika kwenye kipimo cha pombe, anapuliza, namba inatokea, anakabidhiwa ufunguo wa basi. Huu ulikuwa umeshapachikwa. Mate yake yalikuwa ya baridi, yananuka kama udongo wa chini kabisa ya shimo. Kiooni palisomeka sifuri, na pembeni jina la Breki.

Breki, dereva wa basi namba tatu, alikuwa bado hajafika.

Alikuwa mume wa mdogo wake mpimaji. Jina hilo walimpa madereva wenzake kwa kejeli, maana breki hakuwa nazo, hata za mdomo. Wiki mbili nyuma alikuja akipepesuka, macho mekundu, amemeza vidonge vya kumwamsha kutoka kwenye pombe ya jana yake.

"Shemeji, nipulizie," alinong'ona. "Nikifukuzwa, mdogo wako na watoto watakula nini?"

Kila mlevi ana watoto anaowakumbuka akibanwa. Mpimaji alilijua hilo. Hata hivyo alitazama huku na huku, akapuliza.

"Leo nimekuazima pumzi yangu," alisema, akimpa ufunguo. "Kesho tafuta mwingine akupulizie."

Aliyasema hayo alfajiri, giza halijaondoka, lango likiwa wazi. Bibi yake, aliyeamini kuwa neno la alfajiri husikiwa na wasioonekana, angemfinya midomo. Siku ile basi lilirudi salama, na hakuna mwalimu mbaya kama usalama wa namna hiyo.

Tangu hapo Breki alinuka kama pipa na kupuliza sifuri. "Mashine imenipenda, shemeji," alikuwa akicheka.

Leo alipokuja, mpimaji alimkazia macho. Kifua chake hakikupanda. Midomo haikugusa mrija. Lakini mrija ulijaa ukungu, na nyuma ya bega lake kitu kikavuta hewa, ndefu, ndefu mno, pumzi ambayo kifua cha mtu hakiwezi kuibeba, kisha kikaitoa taratibu mpaka karatasi za mezani zikainuka upande mmoja, na ile harufu ya shimo ikampita mpimaji puani ikamkaa kooni, na kipimo kikalia tiii. Sifuri.

Kwenye kiti cha mbele cha basi namba tatu, binti wa mpimaji, wa miaka minane, alikuwa ameshakaa kama kila siku, anachora nyuso kwa kidole kwenye kioo chenye umande.

"Ufunguo, shemeji."

"Sikupi. Nani anakupulizia?"

Cheko lilimtoka Breki usoni. "Mwanzoni nilidhani bahati," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa nikiwa barabarani namsikia anahesabu viti. Anasema nimetumia pumzi zake, na yeye atachukua za watu."

Msimamizi wa yadi alitokea wakati huo, anamung'unya peremende, kama desturi yake tangu asubuhi mpaka jioni. Mpimaji alimweleza yote bila kujipaka mafuta.

"Mimi ndiye niliyempulizia," alimaliza. "Na lile neno langu nalirudisha. Mwingine yeyote asimpulizie tena."

Breki akapuliza mara ya pili. Safari hii kifua kilipanda, na namba ikapanda nacho mpaka kipimo kikapiga kelele. Akakaa chini, akalia kama mtu aliyetuliwa gunia. Harufu ikatoweka.

"Nyote wawili hamna kazi," alisema msimamizi. "Watoto wanangoja vituoni. Nitaendesha mwenyewe."

"Na wewe pima, mkuu," Breki alisema kutoka chini. "Sheria ni sheria."

Msimamizi alicheka, akahamishia peremende shavu la pili, akainamia mrija. Ndipo mpimaji aliponusa, kwa mara ya kwanza, kile ambacho peremende zile ziliajiriwa kukificha.

Midomo haikugusa. Kifua hakikupanda. Tiii. Kile kitu kilikuwa kimemwacha Breki tu, hakikuwa kimeondoka yadini.

"Sifuri," alisema msimamizi, akachukua ufunguo. "Mmeona?"

Mpimaji alikimbia, akamshusha binti yake, akamkabidhi kwa Breki. "Mshike mwanangu, shemeji." Angeweza kuondoka hapo hapo na wa kwake. Vituoni walikuwa watoto arobaini wa wenzake.

Alilivuta lango, akafunga kufuli, akatupa ufunguo wake mtaroni na kuegemeza mgongo kwenye nondo. Mbele yake injini iliwaka, taa zikamulika uso wake, honi ikalia, basi likaanza kuja polepole. Na nyuma yake, upande wa barabarani ambako hapakuwa na mtu, kitu kikampuliza shingoni, taratibu, kama anayepoza chai.

Safari hii hakusema neno.