Chokaa Juu ya Uso wa Yustina

Jua lilikuwa linazama kijijini Litapunga, Hilaria alipoingia kanisani kigangoni na ndoo ya chokaa na brashi iliyochakaa. Jumapili padri anakuja. Uso ule ukutani ulitakiwa uwe umefutika.

Ulikuwa uso wa mama yake mdogo, Yustina. Fundi aliyechora picha ile aliwatumia wanakijiji wenyewe. Yesu akapewa pua ya muuza dagaa. Yule mwanamke mwenye dhambi, anayelia miguuni pa Bwana akisamehewa, akachorwa kwa sura ya Yustina. Mama wa watu alipiga magoti mbele ya fundi mchana kutwa, wenzake wakimtania kwamba analipwa posho ya kulia.

Watu waliipenda picha ile. Mpaka watoto walipoanza kuugua, wakasema ni Yustina anayewaroga. Wakamfukuza kwa mawe. Hilaria alisikia kila kitu. Akafunga mlango wake, akakaa kimya.

"Hatuwezi kupiga magoti mbele ya mchawi," alisema mzee Deusdedit, mwenyekiti wa kigango. Kisha akamgeukia Hilaria akitabasamu. "Utamfuta wewe, binti yangu. Au na wewe alishakurithisha?"

Watu wakacheka. Hilaria naye akacheka.

Eeh Mungu, alicheka.

Sasa yuko peke yake. Akachovya brashi, akagusa ukuta kwa mkono. Ulikuwa na joto... joto kama la paji la uso la mgonjwa.

Akapaka shavu. Chokaa ikateleza, ikadondoka sakafuni. Akapaka tena. Ikateleza tena. Shavu lilikuwa limelowa, na maji yalikuwa yanatoka juu, kwenye macho.

Ndipo ikaja harufu. Ugoro. Ule ugoro wa Yustina.

Halafu chafya... nyuma yake.

Hakugeuka. Shingo ilikataa.

"Unahangaika bure, mwanangu," sauti ilinong'ona. "Anza na macho."

"Mama mdogo?"

"Anza na macho. Nisikuone unavyofanya."

Angeweza kuitupa ile brashi. Angeweza kwenda kwa Deusdedit akamwambia mama huyu hana kosa. Lakini yale mawe bado yalikuwa yamelala uani kwa Yustina, na ua ule unapakana na wa kwake.

Akapaka macho.

Safari hii chokaa ilishika.

Alifika nyumbani mbio, simu inaita. Alikuwa Gaspar, mtoto wa Yustina, anayevua samaki Kapalamsenga. Mama yake alikuwa amekimbilia kwake.

"Dada, mama yupo hapa, tangu afike hajatoka nje. Ila jioni hii alikuwa anakula, ghafla akauliza nani kazima taa. Na nje bado kulikuwa na mwanga! Macho yake, dada... yamekuwa meupe. Meupe pee."

Hilaria alitazama mikono yake. Chokaa ilikuwa inakauka kwenye vidole.

"Anasemaje?" aliuliza.

"Hata halalamiki. Anasema nikusalimie, nikwambie amekusamehe. Anasema usijilaumu, maana ni yeye mwenyewe aliyekwambia uanze na macho."

Kisha Gaspar akauliza, polepole:

"Dada... macho gani?"