Aliyeita Mayu

Mwaka tisini na sita, jua likizama, kibiriti kilituishia. Nikatoka na kigae kwenda kuomba makaa kwa jirani yetu Nkwabi. Nilikuwa bado mgeni Kasansa. Manyanda alinioa kutoka Kabungu, na Kisukuma chao sikukijua ila neno moja: mayu. Ndivyo alivyomtaja marehemu mama yake. Alikufaje? Hakuna aliyenieleza.

Jikoni nilimkuta Nkwabi, mkewe Minza, na bibi mmoja mwenye macho mekundu, uso kaufunika khanga. Mpita njia, walisema. Alikuwa akiwasimulia hadithi.

"Kaa," aliniambia. "Hadithi yangu, mwisho wake mnautoa nyie."

Nikakaa. Napenda hadithi, mimi.

"Mjane yuko ndani peke yake. Nje mtu anaita, 'Mayu, fungua.' Anafungua. Panga linashuka..." Akatugeukia. "Aliyeita ni nani kwake?"

Minza aliinamisha kichwa. Mimi na kiherehere changu nikadakia, "Mtoto wake wa kumzaa! Si kamwita mayu?"

"Kabisa," Nkwabi alisema upesi. "Ni mtoto wake."

"Afanywe nini?" bibi aliuliza.

Hasira zilinipanda. Mtu amuue mama yake! "Naye aitwe mlangoni kwake. Afungue, yampate yaleyale."

"Mmechagua," alinong'ona.

Ndipo niliposikia harufu.

Damu mbichi.

Nikachota makaa, nikaondoka mbio bila kuaga.

Tulikuwa tunakula ugali wakati sauti ya kike ilipoita nje.

"Manyanda... fungua."

Mume wangu aliacha tonge, uso umemchangamka. "Ni mayu," alisema.

"Usifungue!"

Alifungua.

Hakupiga hata kelele. Nilipomfikia alikuwa amelala kizingitini, hana jeraha lolote, lakini udongo wote pale ulikuwa umelowa damu.

Msibani Minza alinishika mkono. "Pole sana, mayu."

"Mimi si mama yako."

"Kwetu mwanamke yeyote tunamwita hivyo. Ni heshima tu. Hata awe jirani."

Nilikumbuka jibu langu jikoni kwao. "Na mama mkwe wangu alikufaje?"

Alitazama huku na huku. "Panga," alinong'ona. "Walisema mchawi, kisa macho yake mekundu. Aliyemwita mlangoni hakujulikana."

Nilimtafuta Nkwabi kwa macho. Alikuwa kati ya wanaume, akakwepa kunitazama. Mimi nilikosea kwa kutojua lugha. Yeye ni Msukuma, neno lile analijua tangu utotoni. Sasa ile haraka ya kuniunga mkono ilikuwa ya nini? Nilimchukia mpaka meno yakaniuma.

Matanga yalipokwisha, kila jioni nilikaa jikoni kwangu nikimwita yule bibi. Siku aliyokuja nilijua kwa ile harufu kabla sijageuka. Nikaenda kumwalika Nkwabi chakula.

Aliingia akicheka, akamwona yule bibi ameketi. Kicheko kikakatika. Nilikuwa nimeshakomea mlango.

"Shemeji, aliyeita ni nani?" nilimuuliza.

Alipiga magoti. "Mayu... nihurumie."

Hakusema anamwita yupi kati yetu. Nilitamani kusikia jina, au kiapo kwamba si yeye. Alilia tu.

Nikaegemea mlango, nikamwachia mama mkwe achague mwenyewe.