Pumzi Ndani ya Stoo

Kaa hapo, sikia yaliyomkuta mshikaji wangu, msajili wa makumbusho, yule anayekagua na kuandika hali ya kila kitu kinachoingia. Kilifika kinyago cha kuazima. Ufa wowote asiouona na kuuandika siku hiyo atabebeshwa yeye, na kibarua kitaota nyasi. Akampigia dada mmoja, msajili mkongwe wa makumbusho mengine, akaweka spika.

“Zima taa, mdogo wangu. Tochi ilale mezani, kigeuze mbele yake kwa mikono miwili. Nyufa zitajitokeza zenyewe.”

Akazima. Stoo nzima giza totoro, kasoro ule mwanga wa tochi. Akakigeuza taratibu.

“Mwambie mwenzako asikipumulie, ataharibu mbao. Namsikia mpaka huku.”

“Dada, niko peke yangu.”

“Basi ni wewe. Hebu bana pumzi.”

Akabana. Hewa ikaendelea kuvutwa na kutolewa, hhh, hhh, shingoni kwake. Swichi iko mlangoni, kinyago mikononi. Ungekuwa wewe, ungekiachia?