Sauti ya Kaunta

Yule mama wa gauni la zambarau alikuwa amerudisha tikiti maji lililoliwa nusu. Si robo jamani, nusu nzima! Aliliweka juu ya kaunta linachuruzika maji, akadai halina utamu na anataka pesa yake yote.

"Hili tikiti au boga?" alifoka, foleni nzima ikisikia. "Mnatuona sisi wajinga, eti?"

Keshia alikuwa msichana mwembamba, sare ya kijani imempwaya mabegani, nywele kazibana nyuma. "Samahani sana, mama," alisema. "Nimekuelewa. Naomba nimwite msimamizi atusaidie."

"Msimamizi wa nini? Wewe ndiye uliyeniuzia, mwizi mkubwa!"

"Samahani sana, mama."

Sauti yake haikupanda wala kushuka. Karibu na friji ya maziwa, mwanamume mwenye ovaroli ya bluu alikuwa amelala kifudifudi, kichwa ndani ya mashine, miguu nje. Alikuwa fundi aliyeitwa asubuhi ile maziwa yalipoanza kuganda. Akachomoa kichwa, uso umejaa grisi.

"Mama, samahani, nauliza tu. Hiyo nusu nyingine ilikuwa tamu?"

Foleni ikaangua kicheko. Mama akalinyakua tikiti lake na kutoka kavimba mdomo. Keshia alijikaza asicheke mpaka machozi yakamlengalenga, na fundi alipoyaona macho yale yamejaa kicheko, kazi ya friji ikamtoka kichwani kabisa.

"Dada, wewe huna nyongo?" alimuuliza jioni, akifunga kisanduku chake cha zana.

"Ninayo. Naiacha nyumbani."

"Basi nikaribishe nyumbani siku moja niione."

"Samahani, kaka, huduma hiyo haipo."

Tangu hapo akamwita Samahani. Na friji ya maziwa, ambayo ilikuwa imepona kabisa, ikaanza kukaguliwa kila wiki. Mama Pacha, keshia wa kaunta ya jirani, mwanamke mnene mwenye watoto mapacha na ulimi usiolala, akasema friji hiyo si bure, inaumwa ugonjwa wa moyo.

Mapenzi yao yalikolea kwa simu. Fundi alikuwa akimpigia akiwa juu ya mapaa ya watu, akifunga viyoyozi, upepo unavuma kwenye spika.

"Haloo, hapo ni huduma kwa wateja?"

"Tumefunga."

"Nina malalamiko mazito. Nina hamu na wewe mpaka bisibisi imenianguka."

"Shuka kwanza, wewe! Utaanguka na wewe, nibaki na nani?"

"Eh! Rudia hapo. Ubaki na nani?"

"Samahani, laini imekatika," alisema, na kukata kweli, akicheka peke yake.

Alimpenda mno yule kijana. Alipenda mwanya wake wa mbele, alipenda anavyokunja mikono ya shati kabla hata hajaambiwa kuna kazi. Ila kumwambia, hapo ndipo mtihani. Alilelewa na shangazi ambaye ukimjibu neno moja anakurudishia kumi, akajifunza mapema kuinamisha kichwa na kulainisha sauti mpaka dhoruba ipite. Alipopata kazi dukani msimamizi akamsifu: huyu kazaliwa na sauti ya kaunta. Makeshia wapya walifundishwa kwa siku kadhaa kile alichokuja nacho kutoka nyumbani. Mteja akigomba, mkubalie. Akitishia kwenda duka lingine, usimshike, mshukuru na umtakie siku njema. Sheria nzuri hizo, kwa wateja.

Jumapili moja fundi alikuja chumbani kwake kavaa shati jeupe lililopigwa pasi, jambo lisilo la kawaida. Yeye alikuwa na gauni la njano lile analolipenda kijana, amefagia, amechemsha chai. Fundi hakuigusa.

"Nimeitwa kazi mbali," alisema. "Mji mwingine kabisa. Wana maghala makubwa ya baridi. Mkataba ni miaka miwili, labda zaidi."

Moyo wa msichana ukalipuka. Usiende! Ndilo neno lililomjaa kifuani, neno moja tu. Lakini yule aliyekaa mbele yake alikuwa anasema anaondoka, na mdomo wake ulijua namna moja tu ya kumjibu mtu anayesema anaondoka.

"Nimekuelewa," alisema taratibu. "Hongera. Nakutakia kila la heri."

Fundi akamkodolea macho. "Basi? Ndilo hilo tu?"

"Ni nafasi nzuri kwako."

"Nimekuuliza kuhusu nafasi mimi? Nakuuliza wewe! Unaumia? Huumii? Nitukane basi, nirushie hicho kikombe, nijue kuna mtu humu ndani!"

"Samahani kama nimekukwaza."

Aisee. Angempiga kofi lisingemuuma kama ile samahani. Kijana akasimama, akachukua kofia yake, na mlangoni akageuka. "Mimi si mteja wako," alisema, sauti imekatika, akaenda zake.

Siku zilizofuata simu haikulia. Naye hakupiga. Kila akiishika aliona maneno yote yamepangika vizuri, kisha akajisikia anaanza na samahani, akaiweka. Dukani alihudumia kama mashine. Mzee mmoja alimgombeza kwa sababu mayai yana mavumbi, na yeye akamshukuru.

Asubuhi ya siku ya tano Mama Pacha aliinama juu ya kaunta yake. "Mwenzangu, mlinzi wa mlangoni ameniambia fundi anasafiri leo. Basi la mchana. Wewe umekaa hapa unapanga mifuko?"

"Ameshaamua."

"Ameamua kwa kusikia nini kutoka kwako? Haya, toka hapo! Kaunta yako naibeba mimi."

Aliomba mapumziko ya chakula mapema, akatoka na sare yake. Alikimbia mpaka viatu vikamchubua. Alimkuta kituoni katikati ya mizigo na watu wanaoagana, kavaa koti, begi begani. Fundi alipomwona akafungua mdomo, lakini kwa mara ya kwanza hakupewa nafasi.

"Nyamaza! Nimekukasirikia! Unakuja na shati limepigwa pasi kuniambia unaniacha, halafu unataka mimi ndiye nikuombe? Ndiyo, naumia! Silali! Usiende, unasikia? Nakupenda, mpumbavu wewe, usiende!"

Watu waligeuka kutazama. Kamasi na machozi vilikuwa vimechanganyika usoni, wala hajali. Fundi akamvuta kifuani, naye akalia.

"Ndiyo kwanza nakusikia," fundi alisema. "Mpenzi wangu, ungeniambia hivi Jumapili."

"Nakwambia sasa."

"Sasa nimeshasaini. Chumba nimekabidhi, kazi ya hapa kapewa mwingine. Nilitoka kwako na hasira, nikawajibu jioni ile ile."

"Basi nitakusubiri."

Kondakta alikuwa anaita abiria. "Usinisubiri," fundi alisema. "Nakujua, utanisubiri kimya kimya. Nikikuuliza u hali gani utasema salama, na mimi huko nitabaki kukisia. Nimechoka kukisia, Samahani wangu. Nakupenda na nimechoka."

Neno hilo lilikuwa la kweli, na lilimchoma msichana kwa sababu fundi alilisema kwa upole, akimfuta uso kwa mkono wa koti. Akapanda. Basi likapiga honi, likaingia barabarani, na msichana akabaki amesimama mpaka mpiga debe akamwomba apishe gari lingine.

Zamu ilikuwa haijaisha. Alirudi dukani, akafunga nywele, akakaa mahali pake. Foleni ilikuwa ndefu. Wa mbele alikuwa mwanamume wa tai nyekundu, kikapu kimejaa mayai na sabuni, anagongagonga kaunta kwa funguo za gari.

"Mlikuwa wapi nyie? Nimesimama hapa mpaka miguu inauma! Hivi mnalipwa kwa kazi gani?"

Alimtazama yule bwana usoni. Samahani ilikuja hadi kwenye ulimi, akaimeza.

"Kaka, naomba unisubiri," alimwambia. "Kuna mtu wangu ameondoka sasa hivi. Nilie kidogo, kisha nitakuhudumia."

Funguo zikanyamaza. Mama Pacha akaacha kuhesabu chenji. Msichana akaweka viganja usoni, akalia kwa sauti mbele ya mayai na sabuni, na foleni yote ikasubiri.