Lebo Kwenye Saa ya Ndege

Saa moja ilishikwa na mikono miwili. Ilikuwa Jumamosi ya manyunyu huko Newark, Uingereza, kwenye gulio la vipuri vya ndege kuukuu, watu wamesongamana kati ya meza kama wanaogombea mkate. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Rowena Tuckwell, fundi wa mabati, koti la buluu lenye madoa ya grisi, nywele amezibana kwa penseli. Wa pili ulikuwa wa Emrys Pugh, mtu mrefu wa Wales, sweta safi, soksi moja nyekundu na nyingine ya kijani.

"Achia, kaka," Rowena akasema. "Hiyo ni saa ya Meteor, na ndege yangu haina saa."

"Una Meteor nzima?"

"Tunayo sisi wa kujitolea, bandani Gloucester. Nzima ni neno kubwa. Wewe una nini?"

"Daftari. Nataka nambari iliyochongwa nyuma ya saa, basi."

"Soma upesi. Na kwenu soksi hugawiwa moja moja?"

Emrys akatazama miguu yake, masikio yakamwiva. Akasema ndiyo mtindo.

Meteor ilikuwa ndege ya kwanza ya kivita ya Waingereza kuruka kwa jeti, na ya akina Rowena ilikuwa imekwanguliwa rangi hadi bati. Hakuna aliyejua ilitumikia kikosi gani, na bila kujua hilo haikupakika rangi. Emrys, karani wa nyaraka, akajitwika utafiti huo. Kila Jumamosi alifika bandani na chipsi zenye siki, akaketi juu ya sanduku la spana, akamsomea Rowena barua za mafundi wa zamani huku yeye amelala chali chini ya bawa akigonga ribiti. Alimwita fundi wangu. Rowena alimwita Bwana Makaratasi, na kila Alhamisi ilipofika alikuwa akitazama mlango wa banda bila sababu.

Siku moja alimuuliza kwa nini mtu mpenda ndege hivyo hakuwa rubani. Emrys alisema alipimwa akiwa na miaka kumi na minane, wakamkataa kwa sababu ya masikio.

"Yana nini?"

"Hayasikii ukiimba. Mungu kaniokoa."

Kisha Emrys akapata kazi Aberdeen, mwisho wa nchi. Alimwomba Rowena waende pamoja, waoane hukohuko. Rowena si mtu wa hotuba. Pale bandani kila kipuri kinachofunguliwa hufungwa lebo: ya kijani maana yake kipuri ni kizima, kirudi ndegeni; nyekundu, ni kibovu, kisirudi tena. Haiandikwi sababu. Kuna mistari miwili tu, sahihi ya fundi na sahihi ya mkaguzi. Rowena aliifunga ile saa lebo ya kijani, akatia sahihi kwenye mstari wa kwanza, na siku ya safari, pale stesheni, akaitumbukiza kwenye mfuko wa koti la Emrys.

"Jibu limo humo. Usilitazame mpaka treni iondoke. Sitaki kulia mbele ya watu."

Rowena alimpigia simu usiku uleule. "Umetazama?"

"Nimetazama." Sauti ya Emrys ilikuwa kavu. "Nimeelewa, Rowena. Asante kwa kunijibu wazi. Tusiumizane zaidi ya hapo."

Rowena angeuliza. Kuuliza si ujinga. Lakini alikuwa ameshafunga sanduku lake la nguo, na mwanamke aliyekwisha kufunga sanduku kisha akakataliwa hana ulimi. Akakata simu.

Miezi kumi na mmoja ikapita. Chipsi hakuzigusa tena. Harufu ya siki tu ilimtoa chozi. Sanduku lilibaki nyuma ya mlango. Mama yake alichoka kufagia kulizunguka, akamwambia ama alifungue ama aondoke nalo. Rowena hakufanya lolote.

Ndipo ikaja bahasha kutoka Aberdeen. Emrys alikuwa ametimiza ahadi ya utafiti. Ndani mlikuwa na picha ya rangi ya ndege yao, nambari ikisomeka ubavuni, na maelezo aliyoyapiga chapa mwenyewe: *mkanda wa mkiani ni mwekundu*. Rowena akaitazama picha. Akaipeleka dirishani. Mkanda ulikuwa wa kijani, kijani kama jani la kabichi.

Akazikumbuka zile soksi. Akaketi juu ya sanduku, akapiga simu.

"Emrys, mkanda wa mkiani ni rangi gani?"

"Nyekundu."

"Tazama nakala yako tena."

"Hata nikitazama mpaka kesho." Alishusha pumzi. "Si masikio, Rowena. Ni macho. Nyekundu na kijani kwangu ni tope moja. Niliona aibu."

"Na ile lebo?"

"Bandani nilikuwa naangalia mnaziweka rafu gani. Kwenye treni hapakuwa na rafu. Nikakisia."

"Ukakisia kibovu."

"Mtu kama mimi, kwa mwanamke kama wewe, angekisia nini?"

Rowena alilia, na kati ya kwikwi akamwita mpumbavu, kisha kipenzi, kisha mpumbavu tena. Akamuuliza saa iko wapi. Emrys alisema iko kando ya kitanda, na lebo yake, alishindwa kuifungua.

Kesho yake Rowena akatelemka kwenye treni Aberdeen, upepo ukimpiga, sanduku mkononi. Emrys alikuwa amesimama jukwaani, amekonda, saa ameikumbatia. Rowena alichomoa penseli kwenye nywele, zikamwangukia usoni, akaandika juu ya lebo kwa herufi kubwa: KIJANI.

Akampa penseli.

"Mstari wa pili uko wazi," akasema. "Bila mkaguzi, kipuri hakirudi."

Emrys akainama, akaweka lebo juu ya sanduku la Rowena, akatia sahihi.