Maneno Yasiyo ya Padre

Kila siku baada ya shule, mimi na binti wa mama mdogo tuliokota pini sakafuni kwa sumaku na kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye nguo. Mama na mdogo wake walikuwa mafundi wa nguo katika chumba kimoja. Mama alikata vitambaa, mama mdogo akashona. Mama ni Mkatoliki. Mama mdogo aliolewa kwa Waprotestanti akawa wa huko. Kwaya za makanisa yote mawili zilivaa kazi yao.

Mwenzangu tulimwita Redio kwa sababu hakuzimika. Mimi niliitwa Pilipili, na sababu mtaiona sasa hivi.

Ijumaa moja mwalimu wa dini alikuwa ametupa swali la kujibu kwa maandishi Jumatatu: nani ana mamlaka ya kufafanua Maandiko?

"Kanisa," nikasema. "Maaskofu wamepokea mafundisho kutoka kwa mitume."

"Maandiko yenyewe ndiyo ya mwisho," akajibu Redio. "Mchungaji akikosea, yanamsahihisha. Askofu wenu akikosea, mnamsahihisha kwa kitu gani?"

Nilichukia kushindwa, tena na mtu niliyemzidi mwaka mzima.

"Padre alituambia kwenye mafundisho ya kipaimara kwamba nyinyi mnaojisomea wenyewe mmepotea wote!"

"Na imeandikwa katika Warumi: kila mtu ajisomee, wala asimsikilize padre!"

Cherehani ikanyamaza.

"Dada, umesikia?" mama mdogo akasema. "Mnatuita waliopotea, na mwanao unampeleka huko huko!"

"Na wewe umemfundisha wako kuwatukana mapadre?" Mama akabwaga mkasi mezani.

Wakarushiana maneno, yakafukuliwa hata ya harusi ya mama mdogo. Mwishowe mama mdogo akafunika cherehani yake. "Kesho nahama. Tafuta fundi wa dini yako!"

Mama hakujua kushona kola, na mama mdogo hakujua kukata. Ningesema ukweli palepale, yangeisha. Lakini niliuma meno nikanyamaza, kwa hasira na kwa woga.

Asubuhi mkokoteni ulikuwa mlangoni, na cherehani imeshafungwa kamba, Padre alipoingia kujaribu kanzu yake mpya. Mama mdogo hakumpa hata kiti.

"Padre, ni kweli mimi nimepotea?"

"Nani kasema?"

Macho yote yakanigeukia. "Ni mimi, Padre," nikasema. "Nilitunga."

Padre akakunja uso. "Nikitaka kusema neno gumu, mdomo ninao. Nani alikutuma unisemee?"

Redio akacheka. Mama akamtupia Biblia mapajani. "Cheka vizuri! Haya, tuonyeshe huo mstari wa Warumi."

Redio akafunua kurasa, sura ya kwanza mpaka ya kumi na sita. Kicheko kikamwisha. "Haumo," akasema.

"Tofauti zetu zipo, na si ndogo," Padre akasema, bado amekasirika. "Sisi tunasoma Maandiko pamoja na mapokeo, na maaskofu ndio walinzi wa mafundisho."

"Kwetu Maandiko ndiyo kipimo cha wote," mama mdogo akasema, "ingawa wachungaji wetu nao husoma miaka mingi. Si kila mtu na lake."

"Hapo hatukubaliani, mama. Lakini uongo haumo katika imani yako wala yangu."

Mama akashika ukingo wa cherehani. "Mdogo wangu, nisamehe. Nilipaswa kuuliza kwanza."

"Hata mimi, dada." Mama mdogo akafungua kamba, akamwambia mwenye mkokoteni aende zake. Kisha akatugeukia, na hasira haijamtoka.

"Jumatatu mkaandike: sisi tunaamini hivi, wenzetu wanaamini vile. Wazo lenu wenyewe mliandike 'mimi nadhani.' Fundi hamvishi mtu nguo asiyompimia. Nyinyi mmemvisha Padre maneno, mkaivisha na Biblia! Anayefanya hivyo ni mwongo tu, awe wa kanisa lolote. Sasa okoteni pini."

Tukainama, tukaokota.