Nilimsamehe Mamangu kwa Kosa Langu Mwenyewe

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na mbili, sijaolewa, na naishi peke yangu katika chumba kimoja Bondeni, hapa Mombasa. Natembea kwa mkongojo. Ukinipita njiani utasema, maskini, kazaliwa hivyo. La! Haya nimejitendea mwenyewe... na aliyeubeba mzigo wake ni mamangu.

Nilipokuwa na miaka saba niliugua ugonjwa wa mfupa katika mguu wa kushoto. Nilipona, lakini mguu ule haukukua sawa na mwenziwe. Nilipofika utu uzima ulikuwa umepungua inchi mbili. Mtaani niliitwa Zuhura Kiguru, hata na watu walionipenda.

Mamangu alikuwa mjane. Tulikaa orofani, katika nyumba ya zamani nyuma ya Ndia Kuu, na kila asubuhi aliuza mahamri na mbaazi mlangoni. Kakangu Athmani alikuwa karani bandarini, na alikuwa na mke na nyumba yake.

Nilipofika miaka ishirini na sita nikaposwa. Mchumba wangu, Harith, alikuwa baharia wa meli za mizigo, kijana mpole, mwenye haya. Lakini siku moja, katika harusi ya jirani, nilimsikia mamake akiwaambia wenzake, "Wasichana wote wa Mombasa hii, mwanangu kaenda kumchagua kiguru!" Wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia ya halua mkononi.

Maneno yale yaliniingia kama sumu.

Miezi michache baadaye tukasikia kuwa hospitali moja mjini ina daktari mgeni anayerefusha mifupa. Athmani alinipeleka mwenyewe. Daktari akaeleza kuwa atakata mfupa wa chini ya goti, auzungushie mguu pete za chuma, apitishe nyaya nyembamba katika nyama na mfupa, kisha nati zizungushwe kidogo kidogo kila siku ili ncha za mfupa ziachane polepole, na mfupa mpya uote katikati. Kurefusha kungechukua miezi miwili. Kisha ningekaa na chuma miezi mingine mitano hivi, mpaka mfupa ukomae.

Nilikubali bila hata kufikiri.

Wenzangu, maumivu yale siwezi kuyaeleza nikayamaliza! Nililala chali wiki baada ya wiki, mguu juu ya mito, kama kitu kisichokuwa changu. Pale nyaya zilipoingia palitoka maji, mara nyingine usaha. Mamangu alichemsha maji ya chumvi, akayaacha yapoe, akanisafisha kila tundu kwa pamba. Nikilia naye hulia, lakini mkono wake haukutetemeka hata siku moja.

Yeye ndiye aliyefundishwa kuzungusha nati. Mara nne kwa siku: asubuhi, adhuhuri, alasiri na magharibi. Kila mara robo ya mzunguko tu. Akimaliza hupiga mstari kwa penseli kwenye karatasi ya hospitali. "Pole, mama," huniambia. "Imekwisha. Hiyo ya tatu, imebaki moja."

Kisha ikaja barua ya Harith. Atarudi baada ya miezi mitano, tuoane. Nikahesabu kwa vidole... Wakati huo nitakuwa bado nimefungwa vyuma! Mamake ataniangalia vipi? Wale wanawake watacheka vipi?

Shetani alinijia mchana kweupe. Mama alikwenda markiti kununua unga na nazi. Spana ya kuzungushia nati ilikuwa kwenye kikapu kando ya kitanda. Nikajiambia, nikizungusha zaidi, nitamaliza upesi. Nikazungusha robo moja. Kesho yake mbili. Baada ya wiki nilikuwa nazungusha nne zangu juu ya nne za mama, kila siku. Maumivu yalipozidi nilimeza vidonge na kuuma kanga. Vidole vya mguu vikaanza kufa ganzi. Nilinyamaza! Daktari alikuwa amenionya kuhusu ganzi hiyo, nami nilinyamaza.

Siku ya kwenda kliniki, mama na Athmani walinisindikiza, nikapigwa eksirei. Daktari akaitazama picha, akaishika karatasi ya mistari, akaitazama picha tena. Pengo la mfupa lilikuwa kubwa mno kwa siku zile, na ndani yake hapakuwa na mfupa mpya hata kidogo. Akaniambia niunyanyue unyayo. Ukakataa. Ulining'inia tu, kama kiatu kilichotundikwa. Mshipa wa fahamu ulikuwa umevutwa ukaumia.

"Ni nani azungushaye nati hizi?" aliuliza muuguzi.

"Ni mimi, mwanangu," mama akajibu.

"Umezidisha! Umemharibu mtoto wako!"

Watu wote kwenye benchi waligeuka. Mama akaitazama karatasi yake ya mistari. "Wallahi nimezungusha nne," akasema polepole. Kisha, kwa sauti ndogo, "Au nilisahau, nikarudia?"

Muda wangu wa kusema ulikuwa ule, wasomaji. Neno moja tu! Nilimtazama mama, nikamtazama Athmani, nikainamisha kichwa. Nikanyamaza.

Njiani Athmani hakujizuia. "Mama, kuhesabu mpaka nne tu kumekushinda?" Tangu siku hiyo Athmani hakula tena chakula cha mama. Akija hunisalimu mimi, huacha mfuko wa vitu mlangoni, na kuondoka.

Nilipasuliwa tena mara mbili. Wakachukua mfupa wa nyonga wakautia kwenye lile pengo. Nilivaa chuma mwaka mzima na zaidi. Kilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba kama mwichi wa kutwangia, goti halikunjiki, na unyayo umelegea mpaka leo. Kujifunza kutembea upya kulinichukua miezi, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwa mama. Bega lilelile! Nililiegemea kila siku huku nikijua nililolitenda.

Na mama alibadilika. Hakujiamini tena. Alipima unga mara tatu, kisha akaniuliza mimi kama ametia hamira. Akisali, kila sala alimalizia kwa sijda ya kusahau, akiogopa kuwa amekosea idadi ya rakaa. Mimi niliketi kitini nikimtazama akisujudu kwa kosa ambalo hakulifanya.

Harith alirudi nikiwa bado kwenye vyuma. Alipanda ngazi zetu na zawadi mkononi, akaketi, akautazama mguu bila kuonyesha kinyaa. "Mimi sikuuposa mguu," akasema. "Nitangoja."

Ningefurahi, sivyo? Lakini mama aliweka sinia ya kahawa chini, akasema, "Baba, niwie radhi. Mimi ndiye niliyemharibu mkeo." Harith akamwambia, "Usiseme hivyo, mama." Nami nilikuwa nimeketi papo hapo... Baada ya siku ile sikuweza kumtazama machoni. Nilimrudishia posa. Watu walidhani ni kwa sababu ya kilema. Hapana, ni kwa sababu kila nikimwona nilisikia yale maneno ya mama. Sasa ameoa, ana watoto wawili.

Miaka minne ilipita hivyo. Mara ngapi nilisema, leo nitamwambia? Ijumaa hii. Baada ya Idd. Mama akipata nafuu ya kikohozi. Daima nilipata sababu.

Ukaja mwaka wa mvua za El Nino. Maji yaliingia mpaka ngazini, na mama akashikwa na homa. Siku ya tatu akaniita niketi kando yake. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto kama jiko.

"Zuhura, mwanangu. Mguu wako... niwie radhi. Sijui ilikuwaje. Nilikuwa nahesabu, wallahi nilikuwa nahesabu."

Nilitaka kusema. Niliogopa kumshtua katika hali ile, ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwona akinitazama baada ya kujua.

"Nimekusamehe, mama," nikasema.

Wasomaji wenzangu, nilimsamehe mamangu kwa kosa langu mimi! Akatabasamu, akafumba macho, akasema alhamdulillahi. Siku ya pili alfajiri akafariki.

Matanga yalipokwisha nilimwita Athmani, nikamweleza yote tangu spana ile ya kwanza. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilingoja anipige, anitukane. Aliniuliza jambo moja tu.

"Miaka minne sikula kwa mamangu. Waijua, Zuhura?"

Akavaa viatu akatoka. Tangu hapo sijamwona mlangoni kwangu. Siku ya Idd mkewe huniletea sahani ya biriani na salamu, na najua salamu hizo ni zake yeye mke. Simlaumu kaka. Nilimwibia mama angali hai.

Mguu wangu umepona kwa kadiri unavyoweza kupona. Nashona nguo kwa cherehani ya mkono, nashuka ngazi mwenyewe, nafika mpaka makaburini kila Ijumaa. Pale husema kwa sauti yale niliyotakiwa kuyasema kliniki. Hayanipi nafuu. Udongo haujibu.

Nawasihi nyote, hasa mabinti wenzangu mnaochekwa kwa maumbile yenu. Msiuharakishe mwili wenu kwa ajili ya vicheko vya watu nyuma ya pazia. Na ukikosea, usimwache mwingine abebe, hata kama mtu huyo anakupenda kiasi cha kubeba bila kuuliza. Kama mamako yu hai, na kuna jambo umemficha, funga gazeti hili sasa, nenda kamwambie. Atalia, atakugombeza, huenda akakaa wiki bila kusema nawe. Mwambie! Mwambie angali na uwezo wa kukukasirikia.